Maiki Iliyobaki Shatini

Kama ulikosa gazeti la wiki iliyopita, usijisikie vibaya. Hukukosa furaha yoyote.

Nilikuwa nimefika pale mwigizaji wetu alipotukimbia asubuhi ya kupiga video. Mimi naitwa Stendi, kwa urefu wangu na wembamba wangu, na kwa sababu tangu naingia chuo ni mimi ninayebebeshwa stendi ya kamera. Mwaka huu narudia. Nikianguka tena, shangazi yangu ameshanisafishia cherehani ya pili kwenye duka lake la ushonaji. Hanigombezi. Anaitia tu mafuta kila jioni, mbele yangu.

Mwenzangu wa kazi ya mwisho ya chuo ni Kinanda, jina alilopewa kwa chombo anachopiga. Wimbo ni wake, sauti ni yake, na maneno ni ya kwake: mtoto anamwimbia baba aliyeaga kwamba anakwenda dukani, asirudi tena. "Duka gani hilo, baba, lisilo na njia ya kurudi?" Ndicho kiitikio. Darasa zima walikuwa wakikiimba hata kwenye foleni ya chakula.

Basi mwigizaji akatukimbia. Mama yake Kinanda, ambaye ni msusi na ndiye aliyetuachia nyumba yake tupigie video, akavua aproni akasema, "Nisubirini." Akarudi na mzee mwembamba aliyeshika kofia mkononi. Kinanda alipomwona, karatasi zote za wimbo zikamwanguka.

Alikuwa baba yake. Yule yule wa dukani.

Hapo ndipo nilipokuacha. Sasa twende pamoja.

"Huyu nani amemwalika?" Kinanda aliuliza.

"Mimi," mama yake akajibu. "Si unataka baba wa kwenye video? Huyu hapa."

"Nilitaka mwigizaji."

"Basi aigize."

"Umempata wapi?"

"Anatengeneza miavuli nyuma ya stendi ya mabasi. Yuko pale miaka yote."

Miaka yote! Niliona shingo ya Kinanda ikimcheza. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nafunga betri, na niliendelea kuifunga hata baada ya kuwa imeshafungika, maana mtu ukiwa kwenye ugomvi usio wako ni lazima mikono iwe na kazi.

"Shikamoo, mzee," nilisema, kwa sababu hakuna mwingine aliyemsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Nisimame wapi?"

Nilimtazama Kinanda. Nilijua anataka kumfukuza. Lakini kazi ilitakiwa Ijumaa, na kamera ya chuo ilikuwa yetu kwa siku ile tu. Akaokota karatasi zake.

"Stendi, mwambie asimame pale mlangoni. Ashike sanduku mkono wa kushoto."

Mzee alikuwa hatua moja kutoka kwake.

"Mwambie nimesikia," mzee akaniambia.

Ndivyo tulivyofanya kazi. Nikawa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza lugha moja. Mwambie ainue kidevu. Mwambie nimeinua. Mwambie asitabasamu. Mwambie sitabasamu, ndivyo mdomo wangu ulivyo.

Kabla wimbo haujaanza, baba wa kwenye video anatakiwa kusema sentensi moja. Kwa hiyo nilimfunga mzee maiki ndogo ndani ya shati, ile isiyo na waya, na kijisanduku chake nikakiweka kwenye mfuko wa suruali. Alinisaidia kufungua kifungo. Vidole vyake vilikuwa na alama za nyaya za miavuli, zimechora chora kama ramani.

"Useme: Nakwenda dukani, narudi sasa hivi," nikamwelekeza.

Mzee akanitazama. "Niseme nakwenda dukani?"

"Ndivyo ulivyosema," Kinanda alidakia. Lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia usoni.

Mzee akageuka kumtazama mama. Mama alikuwa ameinama anafagia nywele ambazo alikwisha kuzifagia.

"Haya," mzee akasema taratibu. "Nitasema."

Akasema. Akabeba sanduku, akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

"Rudia," Kinanda akasema. "Alikuwa anatembea polepole mno. Mtu anayekimbia familia hatembei kama anakwenda kuswali."

Nikamwita mzee arudi. Akasema tena. Akatoka tena. Mara hiyo pikipiki ikapita ikaharibu sauti. Rudia. Mara nyingine ni mimi, picha ilikuwa na ukungu kwa sababu macho yangu yalikuwa yamechoka na nilikuwa simwangalii mzee tena, namwangalia Kinanda. Kila mlango ulipofungwa, aligeuza uso ukutani.

"Mzee, rudi!" nikapiga kelele tena na tena. Sidhani kama katika maisha yake yote mtu amewahi kumwita arudi mara nyingi kiasi kile.

Naye hakulalamika. Kila mara alisukuma mlango, akaingia, akaweka sanduku chini, akapangusa jasho, akauliza, "Nimekosea wapi?"

Mwishowe mama akaingilia. "Inatosha. Mwacheni mwenzenu apumzike. Njoo jikoni unywe chai," alimwambia mzee, bila kumtazama.

Kinanda akatoka nje kutafuta hewa. Mimi nikabaki sebuleni nabadilisha betri za taa, hedifoni zangu masikioni.

Sasa hapa, msomaji, ndipo ninapotaka kukueleza jambo ambalo shangazi yangu halijui, na nakuomba ukikutana naye usimwambie.

Maiki ilikuwa bado inawaka, na kamera sikuwa nimeizima. Ilikuwa shatini kwa mzee, na mzee alikuwa jikoni. Kwanza nilisikia kikombe. Kisha kijiko. Mtu mwenye adabu angevua hedifoni. Mimi nilizishika kwa mikono miwili nikazibana.

"Amekua," sauti ya mzee ilisema.

"Amekua," mama akaitikia.

"Ana mkono mzuri. Nimesikia akipiga. Niliogopa ule mkono hautanyooka."

Kinanda ana kovu kubwa kutoka begani mpaka kwenye kiwiko. Sisi alituambia aliungua na chai utotoni, na hatukumuuliza zaidi.

"Usianze hayo," mama akasema.

"Sijaanza. Lakini huu wimbo, mama watoto. Dukani? Nani alimwambia nilikwenda dukani?"

"Ulitaka nimwambie nini? Alikuwa mdogo. Aliuliza baba yuko wapi, nikasema dukani. Kesho akauliza tena. Nikasema dukani. Baadaye akaacha kuuliza."

"Bora angeimba ukweli wenyewe. Kwamba nilikuwa na kifafa, kwamba nilianguka nimembeba, nikammwagia maji ya kuoga yaliyokuwa motoni. Aimbe hivyo. Naweza kutembea na hilo. Lakini kuambiwa nilimkimbia..."

"Punguza sauti."

"Ulisema ondoka kabla sijamuua. Niliondoka. Sijakulaumu hata siku moja. Mimi mwenyewe ningejifukuza."

"Nimekwambia punguza sauti!"

"Naamka asubuhi namwona kwenye yale maji. Na mimi sikumbuki chochote. Ndilo linalonimaliza. Mtu hata kosa lake halikumbuki."

Nikasikia kiti kikiburutwa. Kisha mama, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo: "Usimwambie. Mwache amalize chuo kwanza. Nakuomba."

"Sijawahi kumwambia. Nitamwambia leo?"

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Aliangalia hedifoni. Aliangalia kile kitaa chekundu cha kamera. Si mtu wa vyombo, lakini si mjinga.

"Umesikia?"

Ningesema sijasikia. Mdomo ukakataa.

"Nimesikia, mama."

Akaja mpaka karibu, akanishika kiganja. Mikono yake ilikuwa inanukia mafuta ya nywele.

"Futa, mwanangu. Uniahidi."

"Nitafuta."

"Uniahidi."

"Naahidi, mama."

Tukamaliza kupiga tukiwa wote tumechoka kama watu waliohama nyumba. Mzee akavua shati la video akavaa lake, akakunja la video vizuri kwa mistari yake. Alipoaga, alisimama mbele ya Kinanda akiwa na kofia mkononi.

"Mwambie amefanya vizuri," Kinanda aliniambia.

"Mwambie ahsante," mzee akajibu.

Akaenda zake.

Kuahidi ni rahisi. Kufuta ndiko kulikonishinda, na si kwa kukosa nia. Mwalimu wetu wa kuhariri tunamwita Kata, kwa sababu hata ukimwonyesha picha ya mama yake mzazi atasema "kata". Ana sheria moja hana mjadala nayo: kazi inakabidhiwa pamoja na kila kitu kilichopigwa. Ukifuta hata sauti ya chafya, kwake umeficha makosa, na aliyeficha makosa anarudia mwaka.

Mimi nilikuwa tayari narudia. Mtu akirudia mara mbili hapo hana jina tena, anakuwa samani ya chuo.

Kwa hiyo nikafanya ujanja wa mtu aliyechoka. Ile sauti ya jikoni nikaibadilisha jina. Nikaiita "kelele". Nikaitupa chini kabisa, chini ya sauti za pikipiki, jogoo wa jirani na majaribio ya maiki. Nikajiambia, kazi ikishasahihishwa nitaifuta, na ahadi itakuwa imetimia, ila kwa kuchelewa. Uongo ukiuvalisha nguo nzuri hata wewe mwenyewe unausalimia.

Tukaanza kuhariri. Chumba cha kuhariri pale chuoni ni kidogo, kina kompyuta zinazonguruma kama wagonjwa wa pumu, na feni inayozungusha joto kutoka kona hii kwenda ile. Kinanda alikaa kwenye kiti kizuri. Mimi nilikaa kwenye kile kilichovunjika mgongo.

Mwanzoni tulielewana. Nilimwekea picha ya mzee akitoka, nikachagua ile mara aliyoshika kitasa akasita kidogo kabla ya kufungua. Usiniulize kwa nini alisita. Lakini ukiiweka sambamba na kile kinanda kinachofungua wimbo, nywele zinasimama.

Kinanda akaitazama. Akaitazama tena.

"Toa hiyo."

"Kwa nini? Ndiyo nzuri kuliko zote."

"Inamfanya aonekane ana huruma. Hana huruma. Wimbo unasema hana huruma."

"Watu wataona mtu, Kinanda. Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Wewe kazi yako ni kamera. Wimbo ni wangu. Na baba ni wangu, bahati mbaya."

Akachukua kipanya cha kompyuta. Nikamwacha, kwa sababu nilikuwa sina nguvu, na kwa sababu mtu anayejua kitu asichokijua mwenzake huwa mwoga wa kubishana. Kila neno unalitazama mara mbili lisije likabeba siri mgongoni.

Nilitoka kwenda kunywa maji. Niliporudi, nilisikia kicheko nikiwa bado kwenye korido. Wanadarasa walikuwa wamejaa chumbani, wengine wamepanda juu ya meza.

Kinanda alikuwa ameharakisha picha. Mzee alikuwa anatoka mbio na sanduku, miguu inachezacheza. Kisha anarudi kinyumenyume. Kisha anatoka tena mbio. Mlango paa, paa, paa, unaenda na ngoma ya wimbo. Kichwa chake kinadonadona mbele kama kuku anayetafuta mtama.

"Duka gani hilo!" darasa wakaimba, wakapiga meza. "Duka gani hilo!"

Kinanda hakucheka. Alikuwa anaangalia tu kioo, taya imekaza.

Walipotoka, nilifunga mlango.

"Usimfanye hivyo."

"Nimfanye nini?"

"Usimfanye kichekesho. Mzee wa watu alisimama pale siku nzima, hakunywa hata maji mpaka alipoitwa."

"Stendi, hivi wewe unamjua huyu mtu?"

"Simjui."

"Basi nyamaza. Umewahi kukaa dirishani unasubiri mtu alete biskuti? Mimi nilikaa. Mama alisema dukani, mimi nikajua ataleta biskuti. Nilikuwa nasogeza kiti, napanda, naangalia njia. Kila mtu mwenye mfuko alikuwa yeye." Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Sasa acha na yeye achekwe kidogo. Kidogo tu. Hajafa mtu."

Ningemwambia nini? Kulikuwa na maneno kumi kwenye ulimi wangu, na yote nilikuwa nimemwahidi mama yake kuyafuta.

Nikakaa kwenye kiti changu kibovu. "Sawa," nikasema. "Wimbo ni wako."

Hilo "sawa" ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mengine yote.

Mambo yangekwisha hivyo, na mimi ningekuwa nimefaulu mwaka na kupoteza usingizi. Lakini Mwalimu Kata alipita kututazama, mikono nyuma, miwani kwenye ncha ya pua.

"Mwanzo umekufa," akasema. "Kimya, halafu ghafla mtu anaongea. Nyumba haiwi kimya hivyo. Wekeni kelele kidogo za nyumbani. Vyombo, viti, watu wa mbali." Akaangalia tena. "Na huyo mtu mnayemfanya kuku, kata."

Akatoka. Nami nikatoka nyuma yake, nikimkimbilia kumwomba atuongezee siku moja, maana bado tulikuwa na kazi ya kusahihisha rangi. Alinikatalia kwa dakika nyingi kwenye ngazi, akinieleza kuhusu vijana wa siku hizi. Mimi nikawa naitikia ndiyo mwalimu, ni kweli mwalimu.

Nikiwa naitikia hivyo ndipo akili yangu ikaamka. Kelele za nyumbani!

Sikumaliza hata kumuaga mwalimu. Nilirudi kwa mbio ambazo miguu hii mirefu haijawahi kuzifanya tangu michezo ya shule ya msingi. Nikasukuma mlango.

Kinanda alikuwa amevaa hedifoni. Mgongo ulikuwa umenielekea. Kwenye kioo, kile kimstari cha sauti kilikuwa kinatembea taratibu katikati ya faili lililoandikwa "kelele".

Nikasimama. Kimstari kikatembea mpaka mwisho. Akakirudisha mwanzo. Kikatembea tena mpaka mwisho.

Kisha akavua hedifoni, akazungusha waya wake vizuri kama tulivyofundishwa, akaiweka kwenye ndoano. Akanipita mlangoni. Nilimkuta nje amekaa kwenye ngazi, amekunja shati mpaka begani, anatazama kovu lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

Nikakaa ngazi moja chini yake.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ile ile."

"Ukaniacha nimfanye kuku."

"Niliahidi mama yako."

"Ukaniacha nimfanye kuku, Stendi. Mbele ya darasa zima."

Wanafunzi walipita wakiimba kiitikio, mmoja akatembea kinyumenyume kumfurahisha. Kinanda akainamisha uso mpaka walipopotea.

Nilidhani atalia. Nilidhani atanipiga. Nilidhani hata ataacha chuo, na mimi niende zangu kwenye cherehani. Lakini alipoinua kichwa alikuwa mkavu.

"Kamera ya chuo iko kwa nani?"

"Kinanda, achana na kamera. Nenda kwa mama yako mkazungumze."

"Mama hazungumzi. Nimeishi naye, namjua. Ukimuuliza kitu anashika kitana, anakwambia kaa nikusuke. Lakini ukimwekea kamera atasimama. Siku ile si yeye aliyetutafutia baba wa video?" Akasimama yeye. "Tunapiga upya mwanzo. Hakuna duka. Tunapiga jikoni. Mimi nitakuwa baba. Nitabeba mto nitaufanya mtoto, kutakuwa na sufuria jikoni, nitaanguka. Na mama atasema yale maneno aliyosema. Wimbo nitauandika upya, hata kama ni usiku kucha."

"Huo ni ukatili."

"Kwa nani? Kwake au kwangu?"

Nikamkumbusha kwamba Mwalimu Kata hajatuongezea hata saa. Akasema basi twende leo. Nikamkumbusha kwamba nimechoka. Akasema hata yeye.

Tukaazima kamera kwa wenzetu waliokuwa wamemaliza. Njiani akapita nyuma ya stendi ya mabasi. Mimi nilisubiri ng'ambo ya barabara na vyombo. Nilimwona mzee akiinua uso kutoka kwenye mwavuli uliofunguka mapajani mwake, sindano imemning'inia mdomoni. Sikusikia walichoongea, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kutosikia. Nilimwona tu mzee akifunga mwavuli ule haraka haraka, akamwachia jirani yake, akafuata.

Mara hii walitembea bega kwa bega. Hawakuongea, lakini hawakunihitaji mkalimani.

Mama alikuwa amemaliza mteja wa mwisho. Alipotuona watatu mlangoni, macho yake yalikuja kwangu kwanza.

"Hukufuta," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Usimlaumu," Kinanda akasema. "Nilisikia mwenyewe. Mama, ungeniambia tu. Ungeniambia alikuwa mgonjwa. Ningekuwa nampelekea miavuli yote ya chuo."

Mama akashika kitana. Kweli kabisa, kama alivyotabiri mwanawe. Akakiweka.

"Mnataka nini na hiyo kamera?"

Kinanda akachukua mto wa kochi, akamweleza. Jikoni. Mto. Sufuria. Kuanguka. Alieleza kwa sauti ya kazi, sauti ya mtu anayeelekeza video, na nadhani ndiyo sauti pekee iliyokuwa imembakia. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Maji yakishamwagika hayazoleki. Yaliyopita yamepita. Mimi nilikukosea, na mimi nakuomba radhi hapa hapa, hatuna haja ya picha." Akanigeukia mimi. "Usiwashe hicho chombo, tafadhali."

"Washa, Stendi," Kinanda akasema.

"Mwanangu, usiwashe."

"Stendi, washa!"

Nilikuwa nimeshafungua stendi, miguu yake mitatu iko sakafuni, kidole changu kiko kwenye kitufe. Nikamtazama mama, kwa sababu nyumba ilikuwa yake na ahadi ilikuwa yake.

Mama alikuwa anamtazama mzee. Si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayetazama mzigo aliombebesha mwenzake, akauona uzito wake kwa mara ya kwanza.

"Washa," akaniambia.

Nikabonyeza. Kitaa chekundu kikawaka.

"Kinanda, weka huo mto chini," mama akasema. "Huna haja ya kubeba kitu. Anayemwigiza baba yako aingie jikoni mikono mitupu."

"Mbona hivyo? Mtoto nani atambeba?"

Mama akavuta kiti lakini hakukikalia. Alikishika tu mgongo kwa mikono yote miwili.

"Baba yako alianguka mlangoni," akasema. "Hakufika hata kwenye jiko. Mimi ndiye niliyekuwa nimekubeba kiunoni, na sufuria nimeinua kwa mkono mmoja. Alipoanguka nikashtuka. Ikaniponyoka." Akapumua. "Alipozinduka akakuta unalia, akaniuliza, nimefanya nini? Aliniuliza hivyo yeye mwenyewe. Nami nikamwambia ni yeye aliyekuunguza."

Sebule ikawa kimya, kimya kile ambacho Mwalimu Kata anasema nyumba haiwi nacho.

Mzee aliweka kofia yake juu ya meza. Ikaanguka. Hakuiokota.

"Sema tena," akasema.